Dinosaria Mwenye Tumbo la Parachichi

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute salama, goti limepungua maumivu, na maharage umeshayaanua kabla mvua haijayawahi. Sisi huku hatujambo. Brenda anakula vizuri, anakwenda shule, na anakusalimia sana. Ameniagiza nikuulize kama yule kuku mwenye shingo tupu bado yupo au mmeshamla. Vumbi la Tunduma liko pale pale ulipoliacha, malori yamejipanga mpaka nje ya mji, na kibanda changu, namshukuru Mungu, hakikosi walaji.

Najua utashangaa kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Nimeandika, Mama, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifika katikati ya maneno unaniuliza kama nimekula, nikikujibu unanipa salamu za majirani wote, halafu salio linakwisha. Hili nataka ulisome lote, ukiwa umekaa na miwani yako machoni, ndipo useme. Nampa Andongwisye, yule wa Coaster ya Itumba, akukabidhi mkononi.

Nianze na mkono wa Brenda, maana ndio ulioondoka hapa ukiulilia. Unakumbuka mafuta ya maandazi yalivyomwagikia kiganja chake cha kulia, na jinsi ulivyokesha naye wakati wa bandeji. Ulipoondoka kuwahi mavuno ya kahawa, kidonda kilikuwa kinafunga vizuri na sote tulidhani mambo yamekwisha. Lakini ngozi ilipokuwa inapona ilianza kuvuta. Vidole vikajikunja taratibu, kama vya mtu aliyeficha kitu mkononi. Muuguzi Elizabeti, anayemhudumia pale hospitali, akaniambia wazi kwamba visiponyooshwa kila siku vitabaki hivyo, na mtoto hataweza kushika kalamu wala jembe.

Akanionyesha namna ya kuvinyoosha. Mama, sikuweza. Nikivuta kidole kimoja, Brenda anapiga kelele mpaka wateja wanaacha kula. Nilimbembeleza, nikamtishia, nikamwahidi soda. Mwisho akawa ananikimbia mimi mama yake kila nikimaliza kuosha vyombo, kwa kuwa anajua kinachofuata. Mkono akauingiza ndani ya mkono wa sweta na hakuutoa tena, hata juani. Shuleni akawa anaandika kwa kushoto, maandishi yanapinda, wenzake wanamcheka. Nilikuwa naomba Mungu tu, maana mimi nilishafika mwisho wa akili yangu.

Sasa nikueleze kuhusu Watson. Soma polepole, Mama, usikasirike kwa neno litakalofuata. Watson ni dereva wa lori.

Ni Mnyiha wa Nanyala, makamo yangu au kunizidi kidogo, mrefu, mkimya, na ana kipara ambacho bado hajakikubali. Anapeleka mizigo Kongo kupitia Zambia. Unajua foleni ya mpakani ilivyo; dereva anaweza kukaa hapa siku nyingi akisubiri karatasi zake zipite, na wengine wanamaliza siku hizo kwenye pombe na mambo mengine ambayo wewe umeyasema vizuri kuliko mimi. Huyu alikuwa anakuja kibandani, anaagiza ugali na maharage, anakula, anashukuru, kisha anatoa kwenye mfuko wake uzi wa sufu na kroshia, ile sindano yenye ndoano kichwani kama uliyokuwa ukifumia vitambaa vya makochi, anaanza kufuma.

Mwanamume mzima, Mama, mikono imejaa grisi kwenye kucha. Siku ya kwanza nilidhani ninaota. Wenzake walimcheka sana. Clement, dereva mwenzake mwenye domo, alimwita bibi harusi na kumuuliza lini atawafumia wote vitambaa vya meza. Watson hakukasirika. Alimwambia ainue miguu apimwe soksi, kisha akaendelea na kazi yake. Akimaliza anakuwa na tembo, au kuku, au samaki, wa kumpelekea mtoto wa dada yake. Nilipokuwa nasonga ugali nilikuwa namtazama kwa pembeni. Vidole vile vinene vilikuwa vinaingiza ndoano, vinavuta uzi, vinatoa, bila haraka na bila kukosea. Akikosea anafumua bila kununa. Hilo ndilo la kwanza nililolipenda kwake, kwamba anaweza kufumua kazi ya asubuhi nzima huku anapiga mluzi.

Siku moja nilimkatia Brenda parachichi. Alikaa kwenye kibao chake, akajaribu kutoa kokwa kwa mkono wa kushoto. Kokwa likateleza, likaanguka mchangani. Brenda akaliokota, akalirudisha kwenye parachichi, akajaribu tena, na mkono wa kulia umo ndani ya sweta muda wote. Watson aliacha kufuma. Alimtazama mpaka nikaona haya, nikamweleza habari ya mafuta na ya muuguzi. Hakunipa pole ndefu kama wengine. Aliniuliza muuguzi anataka vidole vifanye nini hasa. Nikamwambia vinatakiwa vifunguke, vishike kitu kipana, kila siku kipana zaidi. Akaitikia kwa kichwa, kisha akamgeukia Brenda na kumuuliza angependa mdoli gani duniani.

Brenda, ambaye alikuwa hasemi na mwanamume yeyote tangu Deus, baba yake, atutoke, alimjibu bila kufikiri kwamba anataka dinosaria. Mwalimu wao alikuwa amewaambia kwamba mifupa ya mijusi hiyo mikubwa ya zamani imewahi kuchimbwa bonde la Rukwa, huku huku kwetu, na tangu siku ile mtoto alikuwa halali bila kuniuliza kama mmoja amebaki. Watson akakiri kwamba hajui dinosaria anafananaje. Wakatazama picha kwenye simu yake, vichwa vimegusana, wakabishana. Brenda akachagua yule mwenye shingo ndefu, kwa kuwa hali nyama.

Kesho yake Watson alivuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta uzi. Akarudi na kijani kilichoiva, njano iliyopauka na kahawia, akiwacheka wauza nyuzi wa kule, kwamba kila akisalimia "mulishani" walikuwa wanamuuliza amemwacha wapi mke aliyemtuma.

Natamani ungeiona kazi ile, wewe unayejua kufuma. Alianza na kitanzi kidogo, akazunguka na kuzunguka, akiongeza mishono pale tumbo linapotakiwa kupanuka, akipunguza pale shingo inapoanza. Mgongo na mkia kijani kama ganda la parachichi, miguu minne mifupi ya kusimamia, kichwa kidogo chenye macho ya vifungo vyeusi. Ndani akajaza sponji alilotoa kwenye mto wake mwenyewe wa kabini. Lakini tumbo, Mama! Tumbo alilifuma la njano, na katikati akaacha mfuko wa mviringo, na ndani ya mfuko akaweka kokwa la kahawia lililofumwa, gumu kidogo, linaloingia na kutoka kama la parachichi lenyewe. Alikuwa amefuma dinosaria ambaye ni parachichi lililokatwa, na ukimshika mgongoni unaweza kumtoa kokwa.

Tena hakufuma kokwa moja. Alifuma kadhaa, la kwanza dogo kama zambarau, lingine kubwa zaidi, hadi la mwisho linalojaza kiganja cha mtu mzima. Ndipo nilipoelewa alichokuwa anafanya. Mfuko wa kwanza mdomo wake ulibana, makokwa makubwa yakawa hayaingii, akalifumua tumbo lote. Wa pili ukalegea, kokwa likawa linaanguka lenyewe, akafumua tena. Akamwomba muuguzi Elizabeti ruhusa ya kumwonyesha, akaenda nasi kliniki siku ya miadi, akakaa kwenye benchi la akina mama na mdoli wake mapajani, hana aibu hata kidogo. Muuguzi alimchunguza dinosaria yule kila upande, akamwambia apunguze ugumu wa kokwa dogo kwa sababu ngozi bado ni laini. Watson akasema sawa, akarekebisha palepale huku tunasubiri kuitwa.

Alipomkabidhi Brenda alimwambia kitu kimoja tu. Alimwambia kwamba dinosaria huyu anaumwa tumbo, na dawa yake ni kutolewa kokwa kila asubuhi na kila jioni, lakini anauogopa mkono wa kushoto.

Brenda alimtazama Watson, akamtazama dinosaria. Kisha mkono wa kulia ukatoka kwenye sweta. Mama, nilikuwa nimeshika mwiko, nikasimama hivyo hivyo mpaka ugali ukaungua. Alijaribu, akalia kidogo, akashindwa. Watson hakumsaidia. Alimpa pole dinosaria, siyo Brenda. Alimwambia dinosaria avumilie, daktari wake bado anajifunza. Brenda akacheka na machozi yake, akajaribu tena, kokwa dogo likatoka.

Tangu siku ile sikumkimbiza tena mtoto. Yeye ndiye alikuwa ananiamsha, eti mgonjwa anasubiri. Alimpa jina la Parachi. Maumivu yalikuwepo, nisikudanganye, kuna asubuhi alikuwa anauma mdomo mpaka unapauka. Lakini alikuwa anamtibu mtu mwingine, na hilo lilimpa nguvu ambazo mimi na vitisho vyangu hatukuweza kumpa.

Karatasi za Watson zikatoka, akaondoka kwenda Kongo. Alisema atarudi kabla Brenda hajafika kwenye kokwa la mwisho. Siku zikapita, wenzake alioondoka nao wakaanza kurudi, yeye hayupo. Simu yake haipatikani. Nilimuuliza Clement, yule mwenye domo, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. Alisema walipotezana ng'ambo, mbali na miji, na kwamba barabara ile ina mambo yake. Siku hiyo nilitia chumvi mara mbili kwenye maharage. Wateja wakaguna, mmoja akaniuliza nawaza nini, nami nikamwongezea ugali ambao hakuuomba.

Nikafunga kibanda, nikamchukua Brenda, tukapanda basi mpaka Nanyala kumtafuta mama yake Watson. Nilijiambia naenda kuuliza habari tu. Anaitwa Mama Roda, mjane kama mimi na wewe, na nyumba yake iko juu kidogo ya barabara kuu, imezungukwa na migomba na kahawa. Alinipokea kana kwamba ananijua, kumbe ananijua kweli, kwa habari za mwanawe. Macho yake yameingia ukungu, haoni vizuri tena. Akanieleza kwamba zamani yeye alikuwa akifuma vitambaa kwa oda za maharusi, na macho yalipoanza kumtupa, Watson, akiwa bado shule, ndiye aliyekaa karibu naye akimalizia kazi zake ili watu wasijue na oda zisikatike. Vijana wenzake walimcheka kule nje, naye alikuwa anarudi ndani, anashika kroshia, anamuuliza mama yake mstari unaofuata ukoje.

Tulikuwa tunamenya ndizi naye pale nje ndipo simu yake ikaita. Ni Watson, kwa simu ya kuazima. Gia za lori zilikuwa zimevunjika porini, simu yake ikaibiwa, na namba pekee aliyoishika kichwani ni ya mama yake. Mama Roda alimshukuru Mungu kwa sauti mpaka majirani wakatoka, kisha akamwambia ni nani amekaa naye barazani. Halafu akanipa simu. Watson hakunieleza njaa wala baridi. Aliuliza kwanza, "Daktari wangu yuko kwenye kokwa lipi?" Nikamwambia yuko kwenye la pili kutoka mwisho. Akapumua kwa nguvu, ndipo akanisalimia.

Nilipokuwa naaga, Mama Roda alinishika mkono akanirudisha ndani. Akaniambia jambo ambalo ndilo sababu hasa ya barua hii. Alisema mwanawe ananipenda tangu kabla ya mdoli, na hatanitamkia kamwe. Nilipouliza kwa nini, akasema alishamsukuma mara nyingi, na jibu lake ni lile lile, kwamba akimposa mwanamke ambaye yeye amemsaidia mtoto, mwanamke huyo hatakuwa huru kukataa. Atasema ndiyo kwa shukrani, na yeye hataki mke wa shukrani. Kwa hiyo amechagua kunyamaza, na kula maharage.

Nilirudi Tunduma nimekaa dirishani, Brenda kalala mapajani, na sikuiona hata Vwawa tulipoipita.

Watson aliporudi alikuwa amekonda na ndevu zimemjaa. Ilikuwa mchana, kibanda kimejaa. Brenda alimwona kabla yangu. Alikimbia, akasimama mbele yake, akamwamkia shikamoo na kumpa mkono wa kulia, kiganja wazi, vidole vimenyooka vyote isipokuwa kile kidogo ambacho bado kina ubishi. Watson aliupokea kwa mikono yake miwili. Akavihesabu vidole kimoja kimoja, akasahau kuitikia marahaba. Clement ndiye aliyeitikia kwa niaba yake, na watu wote wakacheka, nami nikaenda nyuma ya kibanda kufuta macho kwa khanga.

Sasa Mama, hapa ndipo ninapotaka ukae vizuri.

Wateja walipopungua nilimpelekea chakula chake, nikakaa mbele yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Nikamwambia nimeongea na mama yake. Akaacha kutafuna. Nikamwambia namuuliza kitu, na simuulizi kwa ajili ya mkono wa Brenda, nataka anijibu kama mtu huru anayeulizwa na mtu huru. Nikamuuliza kama atakubali kuwa mume wangu.

Ndiyo, Mama. Mimi ndiye niliyeomba. Gwantwa wako, uliyemlea kwa adabu, nimemposa mwanamume kwenye meza ya maharage, mchana kweupe.

Aliisogeza sahani pembeni. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ningemwuliza vile vile endapo asingefuma kitu chochote. Nikamwambia ningemwuliza mapema zaidi, maana nisingekuwa na hofu kwamba ataniona nalipa fadhila. Hapo akacheka, akafunika uso kwa mikono, na alipoiondoa nikaona amejibu kabla hajasema. Lakini alisema pia. Alisema ndiyo, halafu akasema kwamba bila wewe, Mama, kukubali, ndiyo hiyo haina miguu.

Najua uliyoniambia kuhusu madereva, kwamba kila mpaka wana nyumba. Sikusahau. Ndiyo maana nimekueleza kila kitu, hata ya sponji la mto. Ataendelea kuendesha lori, sitakuficha, na nitaendelea kusubiri na kuogopa barabara. Deus hatafutika, Watson mwenyewe ndiye huwa anamuuliza Brenda habari za baba yake na kusikiliza mpaka mwisho. Sikuombi ukubali kwa sababu ya uliyosoma. Nakuomba umtazame kwa macho yako.

Watakuja Jumamosi ijayo, yeye na mjomba wake Yesaya, na mshenga mmoja. Tafadhali umwambie Baba mdogo Nsajigwa awepo, na asianze na maswali ya ng'ombe kabla watu hawajanywa chai. Watasema kwamba wao ndio waliotuona na wao ndio wanaoomba, kama desturi inavyotaka. Wewe utakaa pale na kitambaa chako kichwani, ukijua nani aliomba, na nakusihi usicheke.

Ukimwona hafai, sema mbele yangu, nitasikiliza. Lakini ukimwona anafaa, Mama, usisubiri Baba mdogo amalize hotuba yake. Piga kigelegele pale pale, niliko jikoni nikisikie.

Nisalimie wote wa hapo nyumbani, mchungaji, na akina mama wa kwaya. Brenda anasema anakupenda na anakuja pia. Nakuombea usingizi mwema na goti lisikusumbue.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Gwantwa